Okoa chaji betri ikiwa bado imejaa

Kompyuta nyingi za Windows zimepangwa ziingie zenyewe kwenye hali ya kuokoa betri pale chaji inapobaki asilimia 20 au karibu na hapo. Kwa mtu mwenye soketi ya uhakika pembeni, hapo si pabaya. Kwa sisi tunaofanyia kazi zetu Pemba, asilimia 20 ni kuchelewa. Umeme wetu unavuka bahari: Unguja inaupata kutoka bara kwa waya tangu 1980, na sisi tukaunganishwa na Tanga 2010. Kitu kikiharibika ng'ambo, huku tunabaki gizani, na saa ya kurudi anaijua Mungu. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 hawahitaji kuelezwa. Walikaa kama miezi mitatu.

Kwa hivyo mimi umeme ukiondoka tu, hata betri iwe imejaa pomoni, naiwasha hali hiyo kwa mkono kwanza, ndipo nitafute taa.

Hesabu yake ni ya skuli ya msingi. Kwenye betri huandikwa uwezo wake kwa Wh, yaani wati-saa. Chukua betri ya Wh 45. Kompyuta ikila wati 15, betri inakwisha kwa saa tatu. Ishushe hadi wati 9, unapata saa tano. Umeongeza saa mbili nzima. Sasa ngojea mpaka ibaki asilimia 20: mkononi una Wh 9 tu. Kwa wati 15 zingekufikisha dakika 36, kwa wati 9 zitakufikisha dakika 60. Kitufe ni kilekile, lakini umeokoa dakika 24.

Mlaji mkubwa kwa kazi za kawaida, kuandika na kusoma, ni skrini. Hali ya kuokoa betri hupunguza mwanga kiasi, lakini usiiachie yenyewe. Usiku, chumba kikiwa giza, robo ya mwanga inatosha kabisa, na macho yanakushukuru. Hapa kuna dhana moja inayonichosha: kwamba ukiweka rangi nyeusi kila mahali unaokoa chaji. Skrini za LCD, ambazo ndizo tulizonazo wengi, zina taa nyuma inayowaka vilevile, nyeusi au nyeupe. Nyeusi inaokoa kwa skrini za OLED tu, ambazo kila nukta huwaka yenyewe. Wengine mnajipa tabu bure.

Baada ya skrini ni kivinjari. Chrome na Edge zote zina hali yake ya kuokoa chaji ndani ya mipangilio, ziwashe. Na kama huhitaji intaneti, zima Wi-Fi na Bluetooth. Taa za kibodi nazo zima. Video acha mpaka umeme urudi.

Wenye Mac nao wanayo hali ya kuokoa betri, tangu toleo la Monterey la 2021. Ingia mipangilio ya betri, uichague ifanye kazi pale tu unapotumia betri. Ukiwa kwenye umeme haina maana kuibana kompyuta, itakuwa nzito bure.

Lakini ina gharama yake, na hii watu hawaambiwi. Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo. Alimaliza kazi yake usiku nyumbani Wete, umeme hakuna, kompyuta iko kwenye kuokoa betri tangu magharibi, kama nilivyomfunza. Akahifadhi faili kwenye folda yake ya OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, akafunga, akalala. Asubuhi kaingia Chake Chake mikono mitupu, kategemea kulifungua kwenye kompyuta ya huko na kulichapisha. Halipo. Akanipigia: "Ami, mbona faili langu silioni? Mimi nimelihifadhi kwa macho yangu!" Nikamwambia, mwanangu, umelihifadhi ndani ya kompyuta yako. Halijapanda mtandaoni. Katika hali hiyo OneDrive husimamisha kupandisha mafaili ili isile chaji, na barua pepe nazo huenda zisiingie zenyewe. Kuna kijiujumbe kinachotokea pembeni kukwambia, lakini nani anakisoma? Basi kama kuna kitu lazima kifike, kabla ya kufunga kompyuta bonyeza kile kiwingu cha OneDrive, uiamuru iendelee. Ukiona imemaliza, funga.

Jambo jengine, kubwa kuliko yote kwa msafiri: kufunga mfuniko siko kuzima. Ukifunga tu, kompyuta inalala, na ikilala inaendelea kula chaji ili ikumbuke ulichokuwa ukikifanya. Kompyuta nyingi za siku hizi hulala jicho moja, zinaendelea hata kuchungulia intaneti. Unaitia mkobani bandarini Mkoani asubuhi, ukishuka bandari ya Malindi, Unguja, unaikuta ya moto na chaji imeshuka, na wewe hukuigusa. Kwa mwendo kama huo tumia Hibernate: kompyuta inaandika kila kilicho wazi kwenye diski, kisha inazima kabisa. Ukiiwasha unakuta ukurasa wako palepale ulipouacha. Kulala nakuachia kwa muda wa kwenda kusali au kunywa chai.

Kwenye Windows kitufe hicho kwa kawaida kimefichwa. Fungua Control Panel, ingia Power Options, upande wa kushoto chagua kazi za vitufe vya kuwashia (Choose what the power buttons do), bonyeza Change settings that are currently unavailable, kisha uweke tiki penye Hibernate. Hapohapo unaweza kuiamuru kompyuta ifanye hivyo kila unapofunga mfuniko ukiwa kwenye betri. Ndivyo nilivyoiweka yangu.

Kisha joto. Betri za lithiamu zinachukia mambo mawili kwa pamoja: joto, na kukaa zimejaa muda mrefu. Msimu wa kaskazi huku kwetu tunazipa yote mawili. Kompyuta juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa na shuka, waya wa chaji umechomekwa kutwa. Iweke mezani, au hata juu ya sinia. Kompyuta nyingi za Lenovo, ASUS, HP na Dell zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 au karibu na hapo, na ni mzuri kwa betri. Ila mimi sikubaliani na wanaosema uache hivyo mwaka mzima. Zile 20 unazozizuia ni saa nzima ya kazi kwa ile betri yetu ya Wh 45. Masika, mvua na upepo vikianza kuangusha matawi juu ya nyaya, naiachia ijae. Miezi ya utulivu naibana.

Na kabla hujailaumu hali yoyote kuwa haiokoi kitu, pima betri yenyewe. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakutajia mahali ilipoweka ripoti, uifungue kwa kivinjari. Tafuta Design Capacity, uwezo ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo wa sasa ikijaa. La pili likiwa chini ya nusu ya la kwanza, usipoteze muda wako kwenye mipangilio, tafuta betri nyengine. Ukienda kununua, soko la Darajani mjini Unguja au kwengine, mwambie fundi aitie kwenye kompyuta yako, mtoe ripoti hiyohiyo mbele yako, uangalie hizo namba mbili kabla ya kutoa pesa.