Waliokusanyika Si Waliokusanywa

Wiki iliyopita binti mmoja anayejiandaa kuwa mfasiri aliniandikia akiuliza kama ni kosa kusema kwa Kiingereza kwamba mama amekwenda shuleni "to collect her children", kwa kuwa mwalimu wake alimweleza kwamba "collect" ni kitenzi cha stempu na kodi, na watoto si stempu. Nilimjibu kwamba sentensi hiyo ni sahihi kabisa, kwani Waingereza huitumia kila siku kwa maana ya kumpitia mtoto, ingawa Mmarekani angependelea "pick up". Swali lake, hata hivyo, lilinikumbusha aibu yangu mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilipewa ripoti ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, iliyokuwa inapelekwa kwa wafadhili. Ndani yake kulikuwa na sentensi nyepesi: "Katibu aliwakusanya wanachama chini ya mwembe." Nami, nikitaka kuonyesha kwamba Kiingereza changu hakiishii kwenye "gather", niliandika "The secretary rounded up the members". Siku ya kikao, mgeni mmoja aliuliza kwa upole akina mama hao walikuwa wametenda kosa gani, kwa sababu "round up" husemwa mara nyingi kuhusu ng'ombe wanaoswagwa kuelekea zizini au washukiwa wanaozolewa na polisi katika msako. Ukumbi mzima ulicheka. Nililipwa nusu ya tulichokubaliana na sikuitwa tena. Sioni haya kukiri kwamba bado inaniuma, hasa kwa kuwa aliyecheka kuliko wote hakuweza kuandika aya moja ya Kiswahili bila kuvuruga ngeli.

Miaka iliyofuata nairuka, kwa kuwa ilikuwa ya kamusi na taa tu. Itoshe kusema kwamba leo ofisi za aina ile huniletea tafsiri zao nizinyooshe.

Nilichojifunza ni kuuliza kwanza: nani anamkusanya nani, na je, anayekusanywa amekuja kwa hiari? Sisi swali hilo hulijibu kwa viambishi, kwani anayekusanya, anayekusanyika na anayekusanywa hutofautiana mwishoni mwa kitenzi kilekile. Kiingereza hakina viambishi hivyo. "Gather" ni lilelile, mtu akusanye kuni au watu wakusanyike msibani, na ndiyo maana tofauti nyingine hubebwa na vitenzi vingine kabisa. "Congregate" ni la watu wanaojikusanya wenyewe, kwa hiyo katibu wangu asingeweza "to congregate the members". Ajabu ni kwamba neno hilo lililozoeleka makanisani limetokana na "grex" la Kilatini, yaani kundi la mifugo. "Convene" linataka mkutano rasmi na mara nyingi mtu mwenye mamlaka ya kuuitisha. "Muster" ni la askari, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuonyesha, kwa maana askari walikusanywa ili waonekane na kukaguliwa. Ndiyo maana hata leo mwoga akijikaza husemwa kwamba ame-"muster courage", kana kwamba ujasiri wake umepangwa mstarini. "Compile", la orodha na kamusi, linatokana na neno la Kilatini la kupora, na wale wanaonakili tasnifu za wenzao wamelirudisha kwenye asili yake.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili kina "kusanya" peke yake. Kuni huokotwa, matunda huchumwa, takataka huzolewa, fedha za msiba huchangwa, mali hulimbikizwa na sukari huhodhiwa na wafanyabiashara wanaosubiri bei ipande. Anayehodhi kwa Kiingereza ana "hoard", anayelimbikiza utajiri ana "amass", na jirani wanaochanga ili wanunue kitu kwa pamoja wana "pool". Ukiona "kusanya" katika kila mstari wa tafsiri yako, jua kwamba ulikuwa unafasiri kwa usingizi. Uliza nani anamkusanya nani. Narudia kwa sababu najua wengi wenu mnatamani kazi za mikutano mikubwa, na huko neno moja humwondolea mtu mkate wake. Yule katibu alihitaji maneno manne tu: "called the members together".

Jana binti yule aliandika tena, safari hii akiwa na "I gather you are leaving", akitaka kujua ni kitu gani kinachokusanywa hapo. Nilimwambia aandike "Nasikia unaondoka" na aendelee na ukurasa unaofuata.