Hakuna ekari 160 za bure Kansas, na shamba la Rungwe msiuze

Mjomba, shangazi, na ninyi wadogo zangu,

Ile sauti inayozunguka kwenye kundi la ukoo, kwamba Kansas wanagawa ekari 160 bure na mtu ni kujiandikisha tu, imeniudhi. Imeniudhi zaidi kusikia shamba la Rungwe linatafutiwa mnunuzi ili ipatikane nauli ya watu wawili. Simamisheni hilo kwanza, ndipo tuzungumze.

Ekari 160 ziligawiwa kweli, kwa sheria ya Marekani ya 1862. Mtu alilipa ada ndogo, akajenga, akakaa na kulima miaka 5, ndipo akapewa hati. Sheria hiyo ilifutwa 1976. Kinachotolewa bure siku hizi ni viwanja katika miji midogo ya Kansas inayopungukiwa watu, kama Lincoln na Marquette, kwa sharti ujenge nyumba ndani ya muda uliopangwa. Kiwanja, si shamba.

Huku ninakoishi, kaunti ya Finney, kwenye miji ya Garden City na Holcomb, ardhi mtaiona mpaka macho yachoke. Imepimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640, na robo ya mraba ndiyo hizo 160. Kila robo ina mwenyewe. Na hata ungeipata, maji utayatoa wapi? Mvua ni milimita 480 hivi kwa mwaka. Tukuyu, kwetu Rungwe, hupita 2,000. Mto Arkansas kwenye ramani ni wa bluu, lakini ukisimama darajani pale Garden City, siku nyingi unaona mchanga mkavu na alama za matairi. Jimbo jirani la Colorado huyachota maji yake huko juu, na visima vimemaliza kilichobaki.

Yale maduara ya kijani mnayoyaona kwenye picha za angani hunyweshwa na Ogallala, maji ya kale yaliyo chini ya ardhi. Mkono wa chuma wenye bomba la maji, wa mita 400, huzunguka katikati ya robo na kunywesha ekari kama 125. Pembe nne hubaki kavu. Mvua hurudisha maji yasiyofika inchi moja kwa mwaka, pampu huvuta zaidi ya hapo. Kisima kikipungua nguvu, mkono haumalizi mzunguko kabla mahindi ya Julai hayajanyauka. Mkulima anahamia mtama, au ngano ya kutegemea mvua, mavuno mawili kwa miaka mitatu.

Tangu 1945 sheria ya maji hapa ni aliyeomba kwanza anapata kwanza, na sehemu kubwa ya eneo hili haipokei tena maombi mapya ya umwagiliaji. Kwa hiyo mwenye pesa zake anayetaka kununua aulize kwanza namba ya haki ya maji, ya mwaka gani, na kisima kinatoa kiasi gani leo, si siku kilipochimbwa. Kisha aangalie kama haki ya gesi iliuzwa kando zamani. Hili ni eneo la gesi la Hugoton, na hati ya juu ya ardhi inaweza isikupe kitu cha chini.

Kazi ipo, sikatai. Kiwanda cha nyama cha Holcomb kilifunguliwa 1980 kwa sababu ng'ombe wa kunenepesha wako hapa, nao wako hapa kwa ajili ya mahindi ya maji hayohayo. Ni kisu mkononi, mkato uleule zamu nzima, kwenye chumba cha baridi, mpaka vidole vinakufa ganzi usiku. Mimi nasema msije. Lakini mwenye viza halali na moyo wa kazi aje, nitampokea. Ajifunze kuendesha gari kabla, maana Wichita, jiji kubwa la Kansas, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Kununua ardhi Marekani hakumpi mtu viza. Na huyo anayewadai ada ya fomu ya kujiandikishia hilo shamba la bure msimpe hata shilingi, na namba yake ya simu nitumieni.