Mjue Armstrong kabla hujagusa mtambo

Karibu kwenye ufundi wa mitambo ya kurushia matangazo ya redio. Kila kijana anayeletwa zamu kwangu ninamsimulia kwanza habari za Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1890, maana FM tunayoirusha ni kazi yake. Ninamheshimu zaidi kwa tabia moja: kifaa kikifanya kazi, bado alitaka kujua kwa nini.

Mvumbuzi Lee de Forest alibuni audioni, valvu (taa ya kioo) ya kukuza mawimbi ya umeme, mwaka 1906, lakini hakuweza kueleza sawasawa inavyofanya kazi. Armstrong, akiwa bado mwanafunzi wa Columbia, aliipima kwa subira. Mwaka 1912 akachukua sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa, akayarudisha kwenye gridi, yaani wavu wa kudhibiti ulio ndani ya valvu, yakuzwe tena na tena. Vituo vya mbali vikasikika waziwazi. Akagundua pia kwamba ukizidisha, valvu huanza kuzalisha mawimbi yenyewe, yaani inageuka kuwa mtambo wa kurushia.

Kwa hiyo mtambo ukipona baada ya kuzimwa na kuwashwa, usiandike "umepona" ukaenda zako. Soma nguvu inayotoka, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, joto na volti. Andika tarehe na saa. Armstrong alikuwa na mchoro wa saketi yake uliothibitishwa kisheria Januari 1913, na bado Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi de Forest mwaka 1934 katika kesi ya nani aliyeivumbua. Alipotaka kurudisha nishani aliyopewa na chama cha wahandisi wa redio, wenzake walikataa kuipokea. Walijua nani aliyeielewa saketi ile.

Akiwa jeshini Paris mwaka 1918 alibuni njia ya kuhamisha masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) yoyote yanayopokewa hadi masafa mamoja ya kati, ambako ni rahisi kuyakuza na kuyachuja. Tafuta redio ya FM ya zamani kidogo, uifungue. Ukiiweka kwenye kituo cha 98.0, kwa kawaida ndani yake inazalisha 108.7, na tofauti ya hayo mawili ni megahezi 10.7. Hamia kituo kingine, tofauti inabaki ileile. Pima mwenyewe, usinisadiki mimi.

Sasa FM yenyewe. Radi na mikwaruzo huvuruga zaidi kimo cha wimbi, yaani ukubwa wake, na AM hubeba sauti kwenye kimo hichohicho. Wengi walijaribu kubadilisha masafa badala ya kimo, na hiyo ndiyo FM, ila kwa mkanda mwembamba, yaani masafa yakibadilika kidogo tu. John Carson wa kampuni ya simu ya Marekani, AT&T alionyesha kwa hesabu mwaka 1922 kwamba njia hiyo haina faida, na kwa mkanda mwembamba hesabu zake zilikuwa sahihi. Armstrong akaupanua mkanda, halafu kwenye kipokezi akakata vimo vyote viwe sawa ili mikwaruzo ibaki nje. Alipewa hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1933. Novemba 1935 aliwasikilizisha wahandisi New York matangazo kutoka mji jirani wa Yonkers: maji yakimiminwa kwenye glasi, karatasi ikichanwa. Hakuna aliyekuwa amezoea kusikia vitu vidogo hivyo redioni. Ukipewa jibu la kitaalamu, uliza kwanza lilikuwa jibu la swali gani.

Upana huo ndio unaokabidhiwa leo. Kikomo ni kilohezi 75 kila upande wa masafa ya kituo. Utaombwa uongeze sauti ili kituo kisikike kikubwa kuliko cha jirani, na mwombaji anaweza kuwa bosi wako. Ukivuka kikomo unamwagikia masafa ya jirani, na msikilizaji wako mwenyewe anapata sauti iliyopasuka, kwa sababu vichujio vya redio yake vina upana wake. Tazama mita wakati wa muziki mzito na wakati wa matangazo ya biashara, ndipo huwa inapanda. Ikizidi 75, punguza sauti inayoingia kwenye mtambo, andika kwenye daftari, kisha nenda studio ukamweleze mtangazaji kwa utulivu umepunguza nini na kwa nini.