Nimeanza gitaa na miaka 51, nimechelewa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 51, nimenunua gitaa lakini mwalimu sina. Vidole vinauma na nyuzi hazipatani. Je, nimechelewa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujachelewa hata kidogo. Mimi nilianzia kwenye gitaa lenye nyuzi 4, mbili zilishakatika, na mwalimu wangu alikuwa redio. Wimbo ukiisha nalikimbilia gitaa kabla sauti haijanitoka kichwani. Leo nina miaka 74 na bado silali bila kuligusa.

Tuanze na nyuzi, maana bila hizo utakata tamaa bure. Kutoka nene kwenda nyembamba majina yake ni E, A, D, G, B, E. Bana E nene kwenye freti ya 5 (nafasi ya tano kati ya vyuma vya shingoni, ukihesabu kutoka kichwa cha gitaa), piga: hiyo ndiyo sauti ya A ikiwa wazi, yaani bila kubanwa. Endelea hivyo hivyo mpaka upate G. Ila kutoka G kwenda B unabana freti ya 4, kisha unarudi kwenye ya 5. Hapo nilipotea miaka miwili mizima nikidhani gitaa ni bovu. Zipige nyuzi mbili pamoja: zikikaribiana bila kulingana, sauti hutetemeka, wawawawa. Kaza au legeza polepole mpaka mtetemo ule utulie. Mpaka leo ukitulia mwili hunisisimka.

Vidole vitaota sugu baada ya wiki chache. Bana nyuma kidogo ya chuma cha freti, usibane juu yake, na dakika 15 kila siku zinatosha kwa sasa.