Mbona mitambo ya upepo ya Turkana huzunguka polepole?

SWALI: Nilipita Loiyangalani upepo ukivuma vibaya sana, lakini mitambo ya umeme ilizunguka taratibu tu. Kwa nini isiongezwe kasi itoe umeme zaidi? — Msomaji, Isiolo

JIBU: Macho yanakudanganya. Mitambo ile ni Vestas V52 ya kilowati 850, na rota yake, yaani mapanga yote matatu pamoja na kitovu chake, ina kipenyo cha mita 52. Ikifanya kazi kikamilifu huzunguka kama mara 26 kwa dakika. Sasa piga hesabu: 3.14 × 52 × 26 ÷ 60. Ncha ya panga inakwenda takriban mita 71 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 250 kwa saa!

Mhandisi huanzia hapo kwenye ncha, mizunguko hufuata. Rota ya mita 150 yenye kasi hiyohiyo ya ncha huzunguka mara 9 tu.

Mapanga matatu huvuna upepo vizuri ncha ikienda mara 7 hadi 9 ya kasi ya upepo. Yakienda polepole mno, upepo mwingi hupenya katikati yake bure. Yakizidi, rota huziba njia kama ukuta, upepo ukapita kando. Ndiyo maana kasi hupanda na kushuka kufuatana na upepo.

Basi upepo wa mita 11 kwa sekunde ungetaka ncha iende karibu mita 88. Kinachozuia hasa ni kelele: ongeza kasi ya ncha kwa asilimia 15 tu, na nguvu ya sauti huwa karibu maradufu. Mchanga na mvua navyo huchubua ukingo wa mbele wa panga. Baharini, mbali na makazi, ncha huruhusiwa kukimbia zaidi.

Kupunguza sana nako ni hasara. Kilowati 850 kwa mizunguko 26 huubebesha mhimili mkuu msokoto wa kilonyutoni-mita 312. Kwa mizunguko 13 ungekuwa 624, na giaboksi ingelazimika kuwa nzito na ghali zaidi.

Halafu kuna mnara. Kwa mizunguko 26, panga hupita mbele yake mara 78 kwa dakika. Mapigo hayo yakilingana na mtikisiko wa asili wa mnara, utayumba hadi boliti zilegee na maungio ya kuchomelea yapate nyufa. Kompyuta huvuka kasi za namna hiyo upesi, haikai hapo.

Upepo ukizidi ule wa kutoa kilowati zote 850, mapanga hujigeuza kwenye mashina yao na kuuachia unaobaki upite. Ukifika mita 25 kwa sekunde, mtambo husimamishwa kabisa.