Elgin asiyepayuka

Mwanangu mpenzi,

Nimepata swali lako. Kwa kuwa sasa unaishi Dunfermline, huko Scotland, unataka kujua kama Lord Elgin wa jumba la Broomhall ndiye aliyebeba sanamu za Athens kwenda Uingereza. Huyo ni babu. Mwanawe ndiye aliyeamuru kasri la wafalme wa China lichomwe moto mwaka 1860. Lakini mimi nataka umjue mjukuu, Victor Bruce, naye Lord Elgin, mpole kuliko wote wawili, maana ndiye aliyetufikia sisi.

Alizaliwa Canada mwaka 1849, baba yake akiwa gavana mkuu huko. Akaitawala India kwa niaba ya Malkia Victoria kuanzia 1894 hadi 1899, miaka ya njaa na tauni. Desemba 1905 akapewa wizara ya makoloni, na chini yake Churchill, kijana wa maneno mengi. Elgin mwenyewe hata kwenye baraza la mawaziri kazi yake kunyamaza. Muogope mkubwa asiyepayuka. Nimekwambia tangu utotoni.

Machi 1908 aliandika kwamba Mhindi hazuiwi na sheria yoyote kupata ardhi Kenya. Ila kwa urahisi wa utawala tu, asigawiwe nyanda za juu, takriban kutoka stesheni ya reli ya Kiu hadi ya Fort Ternan. Sisi weusi hata kukataliwa hatukukataliwa.

Nikisoma hayo naiona ile simenti yetu, mifuko kumi na minane chini ya mwembe. Yule bwana wa ofisini alinikaribisha chai. "Hukunyimwa kiwanja, mama. Ni utaratibu tu wa kazi." Marehemu baba yako alitaka kugombana; nikamshika mkono, nikamshukuru yule bwana. Nikamshukuru! Masika yakaikuta simenti pale pale, ikawa mawe. Unajua mwenyewe, mpaka leo tunafulia juu yake. Ningepigiwa kelele siku ile, ningejua pa kushika.

Basi niseme Elgin alikuwa mwovu? Ulimi unaniwasha. Lakini kina Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Waingereza huku kwetu, walikuwa wameshaanza kuwagawia Wazungu kabla yake. Lakini sahihi ni yake! Na mwezi uliofuata, Asquith alipokuwa waziri mkuu, Elgin akatolewa wizarani. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikajionea haya. Haya, simhukumu. Leo simhukumu.

Alifia Broomhall mwaka 1917. Ukipita hapo usinipigie picha. Au nipigie, geti tu.

Mama yako