Albariño si maji ya barafu

Barua za mara hii karibu zote zinahusu Albariño, mvinyo mweupe mkavu wa Rías Baixas, pwani ya Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Nimechagua zenye jambo ndani yake, na moja isiyo na jambo ila haikomi kuja.

Umeandikwa mkavu, mbona nanusa pichi? Wametia sukari?

Harufu ya tunda si sukari. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya mvinyo mkavu hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na huruhusiwa kufika 9 pale tu asidi inapotosha kuibeba. Pichi hiyo imetokana na zabibu yenyewe na kazi ya chachu. Meza, kisha ngoja kidogo: mate yakikujaa mdomoni, hiyo ni asidi, nayo Albariño inayo tele kwa sababu upepo wa Atlantiki huzuia joto lisiile.

Nimekuta chembe kama vioo chini ya chupa. Nitadhurika?

Hapana, hapana, na tena hapana. Ni chumvi ya asidi ya zabibu, imeganda kwa baridi. Mimina taratibu, chembe zibaki chini. Tafadhali, wa mwisho awe huyu.

Ni kweli Albariño ni Riesling, ile zabibu ya Ujerumani, iliyoletwa na watawa?

Hadithi tamu ya kuuzia chupa. Vipimo vya vinasaba haviungi mkono undugu huo. Ni zabibu ya pembe hiyohiyo ya Hispania na Ureno. Kama unapenda vituko vya ukoo, tazama Australia: mwaka 2009 wakulima waliojivunia Albariño yao waliambiwa kwamba walichopanda ni Savagnin, zabibu nyingine kabisa. Walikuwa wameshaiuza kwa jina lisilo lake, na wanywaji walikuwa wameshaisifu.

Kwa nini mizabibu yao hutambaa juu ya vichwa vya watu?

Mvua. Huko hunyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kuvu hupenda majani yenye unyevu. Basi wakulima huipandisha mizabibu juu ya vichanja vinavyoshikiliwa na nguzo za graniti, upepo ukapita chini na kukausha vishada. Ganda nene la zabibu hii nalo husaidia. Na kwa kuwa nimetaja graniti: wapo wanaosema wanaionja kwenye glasi. Mzizi haunywi jiwe. Faida ya hakika ya udongo ule wa kichanga ni kwamba maji hayatuami.

Muuzaji kaniambia niumalize kabla ya mwaka kuisha, la sivyo utaharibika. Ni kweli?

Muuzaji anataka kusafisha rafu yake. Albariño nyepesi, ya bei ya chini, kweli inywe ikiwa changa. Lakini ile iliyokaa miezi mingi juu ya mashapo ya chachu (tafuta "sobre lías" kwenye lebo) ni kitu kingine. Chachu iliyokufa huachia vitu vinavyoupa mvinyo unene mdomoni, na ile asidi huulinda. Chupa nzuri za namna hiyo hufika miaka mitano bila shida, nyingine hata kumi. Ule ukali wa ndimu hupoa, ikaja harufu ya asali na lozi, ingawa sukari haijaongezeka hata chembe.

Ila ukiutoa kwenye friji yenye nyuzi 4 ukaunywa papo hapo, hutajua tofauti. Baridi kali huua harufu, na ndiyo maana mvinyo dhaifu huuzwa na picha ya ndoo ya barafu. Mvinyo ulio mchanga unywe kwenye nyuzi 8 hadi 10, uliokomaa 10 hadi 12. Tena usinunue chupa isiyo na rangi iliyosimama dirishani: mwanga huuharibu mvinyo mweupe, hata uwe wa nani.

Naweza kutia barafu kwenye glasi?

Unaweza. Usiniandikie tu kwamba hauna ladha.

Alvarinho ya Ureno ni kitu kilekile?

Zabibu ni ileile, ng'ambo ya Mto Miño. Kule Monção na Melgaço milima huzuia upepo wa bahari, kwa hiyo mvinyo huwa umejaa zaidi. Upande wa Hispania soma lebo vizuri: ikisema Albariño, ni Albariño tupu; ikisema Rosal, sehemu mojawapo ya Rías Baixas, huenda zabibu nyingine, Loureiro, imo.